Kengele ya Chai

Leo nimejiaibisha. Tena asubuhi na mapema, nikiwa na viatu vya kuazima. (Rehema, binti wa shangazi, najua unalisoma daftari hili kila nikienda kuteka maji. Viatu vyako vizima. Soma tu.)

Nilikwenda kwenye usaili wa mpiga chapa, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa matunda, hapa hapa mjini. Nikikosa kazi, Jumamosi napanda lori tupu linalofuata ndizi, narudi Kinole. Si kwamba sipapendi kwetu. Ila vidole vyangu vimeshazoea mashine ya kupigia chapa, na kule hakuna mashine, kuna mlima.

Niliingia nikaamkia kila mtu. Nusura niliamkie na kabati.

"Shikamoo, Ndugu Meneja."

"Marahaba, binti. Umewahi kufanya kazi?"

"Ndiyo. Miezi mitatu, baada ya kumaliza kidato cha nne. Ofisi moja ya serikali."

"Ulikuwa unapiga chapa nini?"

"Siri."

"Siri gani? Barua? Taarifa?"

"Karatasi, Ndugu Meneja."

(Hata hilo nililijutia.)

Nikampa barua ya bosi wangu wa zamani. Akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta kama kuna zaidi. Ilisema: Binti huyu alifanya kazi hapa. Alifanya vizuri. Mengine hayasemeki.

Meneja akavua miwani. "Sasa mwanangu, mimi nitajuaje kama unaweza?"

Ni kweli, angejuaje? Jasho langu lote la miezi mitatu limefungiwa kabatini, na ufunguo wake sijawahi hata kuugusa.

"Naomba mashine nikuonyeshe," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeungama kwa padri.

"Haya. Tunga barua ya kuomba lori la kubebea mananasi. Ukurasa mmoja, nakala mbili. Nakuja kuiangalia."

Akatoka. Daftari, niliipiga ile barua! Pambizo zimenyooka, kosa hata la dawa hakuna. Nikamalizia na "Wako katika ujenzi wa Taifa". Nikaitazama, nikaipenda. Nikaanza hata kuchagua msumari wa kutundikia sweta langu.

Hapo ikalia kengele ya chai.

Sasa nieleze. Kule nilikotoka, kengele ya chai ikilia, karatasi ambayo mkubwa hajaichukua haibaki mezani. Mpiga chapa anaibeba, na nakala zake, na kaboni zake, anakwenda kuichoma mwenyewe uani mpaka iwe majivu. Kila siku, miezi mitatu.

Basi mwili ukaondoka wenyewe. Nikachomoa karatasi zote kwenye mashine. Nikapita katikati ya watu wenye vikombe, uso mkavu, mpaka uani, kwenye jiko la mkaa la Mama Pili, mpishi wa chai. Nikainua birika lake. Nikatumbukiza.

"We mtoto! Unanichochelea moto, nimekutuma?"

"Samahani, mama. Karatasi za siri."

"Siri ya nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka: ya mananasi.

Nyuma yangu: "Binti, iko wapi barua?"

Nikaonyesha jiko.

"Na nakala?"

Nikaonyesha jiko.

"Zote mbili?"

"Na kaboni, Ndugu Meneja." (Kaboni ndiyo iliyowaka vizuri kuliko zote.)

Ofisi nzima ikahamia uani. Mama Pili alicheka mpaka akakalia kinu. Mimi nikavitazama viatu vya Rehema, nikatamani niingie humo mzima.

Ndipo Mama Pili, huku anafuta machozi, akachokoa mkaa kwa koleo akatoa kipande kimoja, kimeungua pembeni kote. Meneja akakipuliza, akakisogeza karibu na miwani: "...ujenzi wa Taifa."

"Herufi zimekaa sawa," akasema taratibu. Akanitazama. "Na kweli wewe siri unazitunza. Rudi ukaipige tena."

Nikaipiga tena, watu saba wamenisimamia, na Mama Pili amekaa mlangoni na koleo lake akilinda jiko. Meneja aliichukua barua kabla sijaitoa vizuri kwenye mashine.

Naanza Jumatatu! Lori la Jumamosi litakwenda Kinole bila mimi. Sharti ni moja tu: kengele ya chai ikilia, mikono yangu iwe juu ya meza, ionekane.

Shangazi ameniuliza usaili ulikuwaje. Nimemwambia nimepata, mengine ni siri. Na wewe Rehema, ukicheka tu, nitajua umesoma.