Andalio la Kumpiga Mwaipopo

Wenzangu wa chuo, leo nimeadhirika. Naandika nikiwa intaneti kafe hapa Tukuyu. Mashine ni nzito, mvua inapiga bati, na nisipowasimulia sasa hivi sijui nitakaaje na mwili wangu.

Mnajua nafundisha hesabu huku na bado sijathibitishwa kazini. Msichojua ni habari ya gemu. Kuna mfanyabiashara kaleta mashine ya gemu kutoka Dar, kaiweka kwenye kibanda mtaa wa Bagamoyo (wa hapa, si kule pwani). Mchezo ni wa kupigana, mtu na mtu, raundi tatu. Nimenasa. Nikila nawaza mateke. Nikisahihisha madaftari, vidole vinabonyeza pedi isiyokuwepo.

Tatizo langu ni muuza spea za baiskeli anayeitwa Mwaipopo. Kanifunga mara kumi na moja. Hacheki, hajisifu. Ananiambia tu, "Pole, mwalimu," kisha anamgeukia anayefuata. Hiyo pole ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nikaanza kumchunguza. Nikanunua kaunta buku, kila tabia yake nikaiandika. Leo Ijumaa saa kumi jioni ndiyo tulikuwa tumepeana miadi.

Asubuhi walimu wote tulipeleka maandalio ya masomo ofisini yakakaguliwe. Nikaweka langu kwenye rundo, nikaingia Kidato cha Pili. Katikati ya kipindi nikafungua begi nichukue chaki. Andalio langu lilikuwa humo humo; nililoweka kwenye rundo ni lile kaunta buku la Mwaipopo.

Sasa niwaambie jambo moja. Mkuu wetu wa shule naye ni Mwaipopo. (Hawana undugu. Huku jina hilo ni la watu wengi.)

Nikawaambia wanafunzi waendelee na swali la sita, nikatoka mbio. Nilichelewa. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni kwa mkuu na rungu lake. Ndani alikuwemo mkuu mwenyewe na Mama Lugano, mwalimu wa nidhamu. Meza ya mkuu, ambayo miaka yote iko kwenye kona, ilikuwa imevutwa hadi katikati ya chumba.

"Kaa," mkuu akasema. Kisha akabadili mawazo. "Hapana, simama hapo hapo ulipo."

Mama Lugano akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani. "Mwaipopo ni mzito kugeuka. Mfuate kutoka kushoto. Akizidiwa hukimbilia kona. Asitoke. Magoti, tumbo, halafu magoti tena." Akageuza ukurasa. "Ijumaa nimmalize. Lazima Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa," mkuu akasema taratibu.

"Mkuu, huyo ni Mwaipopo mwingine."

"Kwa hiyo kuna mtu unataka kummaliza."

"Ni wa kwenye gemu."

"Gemu ni nani?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikachora pedi ubaoni. (Mchoro haukunisaidia, ulifanana na bastola.) Mwishowe mkuu akasema hataandika barua yoyote, ya kunithibitisha wala ya kunishtaki, mpaka amwone huyo Mwaipopo akiwa hai.

Saa kumi tukashuka mjini, mkuu na Mama Lugano chini ya mwavuli mmoja, mimi mbele nimelowa, mlinzi nyuma yangu. Tulipopita mtaa wa Bulyaga watu walisimama kwenye baraza za maduka wakitutazama. Kibandani wote waliokuwa kwenye benchi wakanyanyuka kumpisha mkuu.

"Ndugu yangu," mkuu akamwambia muuza spea, "unajua kwamba mwalimu huyu anataka kukupiga?"

"Najua, mzee. Anajaribu kila siku."

Mkuu akapumua. Nikadhani yamekwisha. Lakini Mama Lugano ni mtu wa kuhakikisha. Akafungua kaunta buku akamsomea Mwaipopo kila kitu, mstari kwa mstari, wiki tano za uchunguzi wangu, kibanda kizima kikisikiliza. Mwaipopo alitikisa kichwa kama anayesomewa majibu ya hospitali.

"Ni kweli, huwa nakimbilia kona," akasema. "Sikuwahi kujua. Ndaga fijo, mama." Yaani anamshukuru sana.

"Basi chezeni," mkuu akasema. "Tuone."

Nikamfuata kutoka kushoto. Alikuwa ameshageuka. Nikamsukumia kwenye kona, akakataa kuingia, nikaingia mimi. Magoti, tumbo, halafu magoti tena, yote yakanipata mimi. Raundi ya tatu sikumgusa hata mara moja.

"Mwalimu wetu ni yupi?" Mama Lugano akauliza.

"Huyo aliyelala," mkuu akajibu.

Akalichukua kaunta buku, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaandika chini ya ukurasa: Maandalizi mazuri. Utekelezaji hafifu. Akatia sahihi. Tulipotoka nje akaniambia barua yangu ya kuthibitishwa ataisaini Jumatatu, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba siwezi kumdhuru mtu.

Atakayenijibu naomba asianze na kicheko. Jirani yangu hapa kafe amesoma yote juu ya bega langu, na sasa benchi tuliyokalia inatikisika.