Kikombe cha Kampuni

Redio ya Sindano, fundi cherehani, haisemi mpaka izabwe kofi. Asubuhi hiyo alipoizaba ikatema habari: mahakama imemwamuru tajiri mmoja alipe madeni ya kampuni yake kwa mali yake mwenyewe, maana aliigeuza kampuni mfuko wa suruali.

Shangazi, muuza kahawa, akaacha kupepea jiko. Birika lake lilikuwa limetoboka kitako, kaliziba kwa donge la unga. Unga ukilowa, kahawa inadondokea mkaa, chwiii! Pesa ya birika jipya alikuwa nayo mtu mmoja tu, naye huyo hapo benchini, kavaa koti lililobaki na kifungo kimoja: Mkurugenzi, mwenye kampuni ya kukodisha viti vya sherehe.

"Umesikia, mwanangu?" Shangazi akauliza, sauti imejaa asali.

"Hao hawajui sheria, Shangazi. Kampuni ni mtu na mimi ni mtu mwingine. Ina jina lake, ina cheti chake cha kuzaliwa!"

"Imekushinda," akadakia Breki, dereva mstaafu wa lori. "Wewe cheti huna."

Kila siku Mkurugenzi aliagiza vikombe viwili. Cha kwanza chake, analipa papo hapo kama muungwana. Cha pili cha kampuni, kwa mkopo. Mwanzoni Shangazi alicheka. Sasa kampuni ilikwisha kunywa bei ya birika jipya na mfuniko wake.

"Kaidai kampuni yenyewe," akasema Mkurugenzi.

"Nilikwenda ofisini. Nikakuta kufuli na mbuzi."

"Huyo mbuzi ndiye mlinzi."

"Alikuwa anakula kalenda!"

"Mchana huwa mapumziko."

Sindano akamnyooshea mkasi. "Hivyo viatu vya nani?"

"Vya kampuni."

"Koti?"

"La kampuni."

"Na tumbo?" akauliza Shangazi, taratibu.

"Aa, tumbo langu."

"Ahaa. Tumbo lako."

Akamimina vikombe viwili, akazidisha tangawizi makusudi. Kimoja akampa Mkurugenzi. Cha pili akakiweka juu ya kigoda kitupu, akakifuta ukingo kama anayemkaribisha mkwe.

"Karibu, Kampuni. Leo ukinywa mwenyewe, deni lote nimesamehe. Hawa mashahidi."

Mkurugenzi akamaliza chake kwa mafunda mawili. Wote wakakodolea kigoda. Mvuke ukapanda, ukamwendea Mkurugenzi puani.

"Labda ina haya," akasema Breki. "Tugeuke kidogo."

Wakageuka. Wakarudi. Kikombe kimejaa vilevile.

"Inapoa," Mkurugenzi akalalamika, koo limepanda na kushuka.

"Ipoe. Kahawa ya watu inakuhusu nini?"

Nzi akazunguka kikombe, akatafuta pa kutua. Hapo uzalendo ukamshinda. Mkono wa Mkurugenzi ukaruka wenyewe, sruuup, kikombe kikarudi kitupu.

"Mwizi!" Sindano akapiga kelele. "Kanywa kahawa ya mtu mwingine!"

"Chagua, mwanangu," akasema Shangazi. "Ama umekuwa ukiiibia kampuni kila asubuhi, tuite polisi. Ama kampuni ni wewe, ulipe."

Mkurugenzi akatazama kushoto, Breki. Kulia, mkasi. Akainamisha kichwa.

"Sikutaka kuwaambia. Kampuni ilifariki jana."

"Masikini! Iliumwa nini?"

"Ghafla tu."

"Poleni," akasema Shangazi, akakinga kiganja. "Lakini maiti hazikwi na deni, na marehemu hana ndugu ila wewe."

Breki alicheka mpaka benchi likainuka upande mmoja. Mkurugenzi akavua kiatu cha marehemu, akatoa noti zilizokunjwa zenye joto la kisigino. Shangazi akazihesabu kwa ncha za vidole, pua kaiweka mbali, akaanza kukusanya vikombe. Alikuwa anawahi dukani.

"Niandikie risiti," Mkurugenzi akasema, akijikung'uta koti. "Nimeilipia kampuni deni lake. Nitaidai mpaka senti ya mwisho!"

Akaondoka kifua mbele. Alipofika katikati ya barabara, akasimama ghafla na kujishika kichwa: amekumbuka kwamba marehemu hana ndugu wa kudaiwa ila yeye.