Taka za Krismasi na Mbuzi wa Akko Kabale

Ijumaa, Januari 2

Wageni wameondoka. Taka zimebaki. Nyuma ya jikoni kuna rundo linalofika kiunoni, na mimi si mfupi. Katoni, pakiti za unga, karatasi za mkate, sahani za kutupa, maganda ya viazi, nailoni za kila rangi. Shemeji yangu Ebei alikuja kutoka Kinna na ukoo mzima. Walikula Krismasi mpaka mwaka ukaisha.

Nakolong, mke wangu, ametangaza kwamba mwaka huu taka za nyumba hii zipungue. Tusichome, moshi unamsumbua jirani. Tusitupe kwenye laga, ule mto mkavu. Maganda wapewe mbuzi, majivu yaende chooni, chupa zioshwe zitumike tena, kinachobaki nikibebe hadi jalalani. Nilimwambia ni mpango mzuri. Kimoyomoyo niliona ni kazi ya siku nzima, yote ya kuinama. Lazima kuna njia ya mkato.

Jumamosi, Januari 3

Njia ya mkato imepatikana! Dualeh anakaa mlango wa pili. Ni daktari wa mifugo, na mbele ya mlango wake huoni hata kijiti. Nakolong hupenda kunionyesha mlango ule. Si haki. Dualeh ni Mwislamu, hakusherehekea Krismasi. Tungoje Idd ndipo tulinganishwe.

Nilijaza katoni kubwa: chupa safi juu, taka nyingine chini. Nikampelekea, nikampa salaam aleikum ya heshima, nikasema nimemletea vyombo vya dawa. Alishukuru sana. Nikarudi nikipiga mluzi.

Jioni nikaikuta katoni mlangoni kwangu. Chupa zote alikuwa amezichukua. Taka zilizobaki alikuwa amezikunja vizuri, moja juu ya nyingine. Mtu mbaya yule.

Jumapili, Januari 4

Mhubiri alizungumza juu ya kuanza upya. Mimi nilikuwa nikifikiria mbuzi.

Jirani yetu wa ukutani ni bibi Mborana, mjane. Ploti nzima tunamwita Akko Kabale, maana akko kwao ni nyanya. Ana mbuzi wanne. Mmoja tu anakamwa sasa, jike jekundu aitwaye Diimtu. Maziwa ya Diimtu ni ya mjukuu wake Wato, mtoto ambaye bado hajaanza kutembea; mama yake anafanya kazi Nairobi. Wato hawezi maziwa ya pakiti. Akinywa, anatapika.

Nimewachunguza hawa mbuzi. Wakipita kwetu wanakula maganda, lakini katoni wanazinusa tu na kuondoka. Wana maringo. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji wa Gotu, na mbuzi hawezi kunificha moyo wake. Mbuzi anapenda chumvi.

Nimekoroga chumvi kwenye ndoo ya maji na kuimwagia rundo lote. Nakolong mwenyewe alisema mbuzi wapewe. Mimi nimepanua mpango kidogo.

Jumatatu, Januari 5

Rundo limebaki nusu! Nusu! Walikula tangu asubuhi, Diimtu akiwa mbele. Nakolong aliporudi kutoka sokoni alisimama akatazama, kisha akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni bidii. Akanipikia chapati. Siku nyingi sijapikiwa chapati kwa sababu ya bidii.

Jioni Akko alipita akasema Diimtu hajacheua tangu mchana. Nikamwambia huenda ni jua.

Jumanne, Januari 6

Si jua.

Diimtu amevimba ubavu wa kushoto, hataki kusimama. Akko amemnywesha mafuta, amemsugua tumbo, amemwombea. Maziwa hakuna. Wato alipewa ya pakiti akayatapika, na tangu hapo analia. Ukuta wetu ni wa mabati. Nakisikia kila kilio. Naogopa. Sikupanga kuandika neno hilo humu, lakini naogopa sana. Mbuzi akifa, mtoto yule atakunywa nini?

Nilikwenda kusaidia, maana kukaa ndani kulinishinda. Akko akanishukuru, akasema jirani ni yule anayekuja bila kuitwa. Afadhali angenipiga.

Dualeh akaja na mkoba wake. Akambonyeza mbuzi ubavuni, akasema lazima apasuliwe. Akauliza alikula nini. Nikatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. Akampiga sindano ya ganzi, akapasua, akaingiza mkono. Zikatoka karatasi za mkate zilizosokotana. Zikatoka kamba. Halafu akavuta kipande kirefu cha plastiki chenye maandishi, akakikunjua, akasoma polepole mbele ya watu wote: KARIBU EBEI NA FAMILIA.

Ploti nzima haina Ebei. Nakolong akanigeukia. Nikasema ni mimi, na chumvi ni mimi.

Nilingoja matusi. Akko hakutukana. Aliniambia nishike mguu wa mbuzi vizuri, asijipige. Baadaye, Dualeh alipomaliza kushona, Akko akasema mbuzi hakukosa, alikula alichowekewa. Nilitamani ardhi inimeze. Ardhi ya mtaa wetu wa Chechelesi ni ngumu.

Alhamisi, Januari 8

Diimtu amesimama. Leo amecheua! Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa kumwona mbuzi akitafuna. Nimemwambia Nakolong ni vumbi.

Dualeh amesema maziwa yasitumiwe mpaka dawa itoke mwilini. Kwa hiyo kila asubuhi naenda upande wa pili wa Chechelesi kuomba maziwa ya mbuzi kwa ajili ya Wato. Kila mwenye mbuzi anauliza kwa nini. Kila mmoja nalazimika kumweleza.

Na nimeinama. Siku nzima nimechambua rundo, maganda kando, katoni kando, majivu chooni. Mgongo umekufa. Lakini mikono ikiwa na kazi, kichwa hutembea. Nimemkumbuka nyanya yangu kule Gotu. Kwake hapakuwa na jalala. Ngozi ilikuwa kitanda, mfupa ulikuwa wa mbwa, kibuyu kikipasuka kilishonwa. Tukihama tuliacha mawe matatu ya meko na majivu, na mvua ikichukua hata majivu. Sisi tumesherehekea siku chache tu, na nailoni zetu zitatuzika sote na bado zitakuwa na rangi. Kitu hiki hakiishi. Ukikiondoa hapa, kimekwenda tu kwa mtu mwingine. Nilikaa juu ya ndoo nikalifikiria jambo hilo muda mrefu, na nikasikitika kweli.

Limebaki gunia moja la nailoni. Jalalani ni mbali, na jua ni kali. Nitalibeba kesho.

Jumanne, Januari 13

Gunia bado lipo. Mgongo.

Lakini habari ni njema. Wato amekunywa maziwa ya Diimtu tena. Akko alimleta kwetu nimbebe, akanicheulia begani. Nilijiona nimesamehewa, na nikaapa moyoni kwamba mbuzi wa Akko hatakula tena uchafu wangu.

Mchana Ebei akapita na pikapu, anarudi Kinna na mbegu za vitunguu. Nakolong akamwingiza ndani kumpa chai. Nikabaki nje na ile pikapu. Nyuma ilikuwa na nafasi kubwa.

Ebei alipotoka akaliona gunia kwenye pikapu, akauliza. Nikamwambia ni zawadi ya watoto, alifungue akifika. Aliguswa sana. Alinikumbatia.

Jioni Nakolong amekagua nyuma ya jikoni. Hapana hata karatasi. Amemwita Dualeh aje aone, na Dualeh amenipa mkono mbele ya watu. Leo ni chapati tena.

Kuhusu Kinna sina wasiwasi. Ebei ana mbuzi wengi kuliko Akko. Wakigawana, kila mmoja atapata kidogo tu.