Tiketi ya Kuvukia Daraja

Ndalahwa wa Mkolani hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Ndalahwa alipewa, tena kwa kushukuriwa. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe na kivuko kupumzika, alikuwa amegundua jambo moja: wageni walioondoka zamani bado wanakumbuka kwamba abiria akifika majini hushuka kwenye basi, akakata tiketi yake ya kuvukia. Daraja halina tiketi. Ndalahwa aliona aibu kwa niaba ya daraja, akalitengenezea.

Siku hiyo alikuwa na safari yake mwenyewe. Saa nane mchana alitakiwa ukweni Busisi, yeye na mshenga wake Ngosha, kumaliza maneno ya mahari ya Hellen. Ng'ombe kumi walikwisha kukubaliwa. Baba yake Ndalahwa alikuwa nao kumi na mmoja, na huyo wa mwisho alikuwa wa maziwa ya mama, asiguswe. Lakini mtu haendi ukweni mikono mitupu, na pale stendi ya Nyegezi alisimama mama mmoja na sanduku lake, akiyatazama mabasi kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Ndalahwa akavaa kizibao chake cha kung'aa.

"Shikamoo mama. Mkaguzi Nathaniel hapa, tiketi za kuvukia."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hata darajani kuna tiketi?"

"Mama! Kivuko kilikuwa nayo, sembuse daraja?"

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Na sanduku je? Enzi zile mzigo ulikuwa na tiketi yake."

Moyo wa Ndalahwa ukacheza. Ni mara chache mbuzi humwonyesha mchinjaji kisu kilipo.

"Mzigo pia, mama."

"Na kuku huyu?"

"Ana miguu. Anahesabika."

"Mwavuli?"

"Ukikunjuka pale katikati na upepo wa ziwa, si utaturusha wote? Tiketi."

Ikaja chupa ya chai, likaja kapu, ikaja hata simu, kwa kuwa itapiga picha maji ya serikali. Zikawa tiketi saba za mia tano tano, zote zimegongwa muhuri wa kikundi cha wafuga kuku kilichovunjika zamani. Mama akalipa bila kununa. Aliomba tu mkaguzi atie sahihi kila moja, na mkaguzi akatia kwa mbwembwe zote.

Saa nane Ndalahwa, bila kizibao, alikuwa ameketi sebuleni kwa Mzee Mashimba, baba yake Hellen. Vijiti kumi vilipangwa mezani, kijiti kimoja ng'ombe mmoja, kama desturi inavyotaka. Ngosha alikuwa ameshasafisha koo ashukuru.

"Ngojeni," akasema mzee. "Dada yangu amefika leo kutoka Tabora. Shangazi hapitwi. Kija!"

Shangazi Kija akaingia na mwavuli wake. Ghafla Ndalahwa akaona kiatu chake kina jambo la kutazamwa.

"Mkwe mwenyewe huyu, anaitwa Ndalahwa," akasema mzee.

"Mimi namfahamu kwa jina la Nathaniel." Shangazi akafungua pochi. "Kaka, unajua nilikata tiketi kivukoni miaka kumi na minane. Sijawahi kuukatia mwavuli! Nikasema ngoja nione tamaa ya kijana huyu inaishia wapi. Ikakataa kuisha. Hizi nilikuwa nazipeleka polisi."

Akaziweka tiketi mezani, moja moja, kando ya vijiti. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu..." Alipofika kumi na saba, Ngosha alikuwa ameshapiga magoti.

"Shangazi, pesa yako narudisha," Ndalahwa akasema.

"Pesa utarudisha, hilo halina mjadala. Hapa tunahesabu ng'ombe."

Nyuma ya pazia Hellen alisikika akicheka mpaka akapaliwa, na hilo ndilo lililomuuma Ndalahwa kuliko yote.

Ngosha aliomba kwa mababu, akaomba kwa watoto watakaozaliwa. Shangazi akaondoa tiketi ya simu, ya chupa, ya kapu, ya sanduku, ya mwavuli, mwisho hata yake mwenyewe. Ikabaki moja.

"Hiyo nayo, mama," Ngosha akasihi.

"Hiyo ni ya kuku," akasema Shangazi Kija. "Ana miguu. Anahesabika."

Harusi ilifana, na Hellen yuko Mkolani sasa. Lakini nyumbani hapo hunywewa chai ya rangi, na kila asubuhi mama humuuliza mwanawe maziwa yake yalivuka kwa tiketi gani.