Jumamosi Kuna Shughuli

Jumatatu, 9 Juni 2025
Sijawahi kumwambia mtu hili: naogopa kualika watu. Nikimwalika mtu akasema hana nafasi, nitajificha wiki nzima. Ndiyo maana Klabu ya Wasomaji, ambayo mimi ni mwenyekiti, ina mwanachama mmoja. Mwenyekiti.

Leo Mwalimu Matano amenikuta kituoni Kwa Mathias. Amesema Jumamosi asubuhi atapita nyumbani kuona wasomaji wangu. Asipowaona, ufunguo wa kabati la vitabu la shule anampa Hashiru wa skauti, aweke ngoma zao. Ngoma! Juu ya riwaya! Hashiru alikuwepo. Ameniuliza kama kwenye uchaguzi wa klabu nilijipigia kura au nilipita bila kupingwa.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata njia! Dada Elina ni msusi. Wateja wake wote wanaiona kalenda ya simu yake, wajue lini ana nafasi. Hamtumii mtu mwaliko. Anaandika tu, wao wanaona. Mama yake Yasmin ni mteja, na Yasmin husoma hata karatasi za kufungia maandazi.

Dada alipokwenda kuoga nimeandika: Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani, Shughuli ya Klabu ya Wasomaji. Sijaalika mtu. Wakija, wamejileta. Wasipokuja, sijakataliwa. 

Alhamisi, 12 Juni
Kuna jambo. Kisanduku cha kalenda ni kidogo. Linaonekana neno moja tu: Shughuli. Mengine mpaka ubonyeze. Nadhani haina shida. Mama ni mzaliwa wa Magu, huko bara, na kwetu shughuli ni kazi tu.

Lakini mteja mmoja, Mama Tatu wa Mlandizi, amempigia dada kumpongeza. Dada akadhani anasifiwa kwa ususi. Akashukuru! Kikapigwa kigelegele hadi simu ikakwaruza. Mama Tatu akauliza sare ni kitenge gani. Dada akacheka, akamwambia avae anachopenda. Kumbe huku Pwani shughuli ni sherehe! Nifute? Na Yasmin je?

Jumamosi, 14 Juni
Wamekuja! Mungu wangu, wamekuja. Akina mama, kanga mpya, masufuria kichwani. Bi Mwanamvua ametoka Maneromango na kuku wawili, anailaani barabara, anataka kumwona biharusi. Biharusi ni dada, aliyekuwa anafua. Mama amemvuta ndani kumuuliza huyo mwanamume ni nani, wa ukoo gani, na kwa nini Mlandizi nzima imejua kabla yake. Dada ameapa hana mwanamume. Bi Mwanamvua amesema vizuri sana, ndivyo mwari anavyotakiwa kujibu.

Hashiru amefika na ngoma zote za skauti. Eti shughuli bila ngoma ni msiba. Mwalimu Matano ameniuliza wasomaji wako wapi.  Ufunguo amempa Hashiru palepale.

Yasmin peke yake ndiye aliyebonyeza akasoma yote. Alifika na kitabu kwapani, akasikia vigelegele, akadhani amekosea nyumba, akageuka kuondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Jumapili, 15 Juni
Dada amesema hatazungumza nami mpaka niwaeleze wateja wake wote kwamba haolewi. Mmoja mmoja. Kwa mdomo wangu. Kwa mdomo!

Nimetafakari tangu asubuhi. Kosa lilikuwa neno. Shughuli lina furaha mno. Linatakiwa neno kavu, la ofisini, lisilomfanya mtu avae kanga mpya. Na liwe fupi, lionekane lote. Watakusanyika, mama atawaeleza, nami sitasema kitu.

Dada ameiacha simu kwenye chaji. Nimefungua kalenda, nimeandika Jumamosi ijayo: Kikao cha Elina.

Ujumbe wa Mama Tatu umeingia kabla sijaiweka chini. Anauliza mweka hazina wa kamati ya harusi ni nani.

Nimeirudisha simu kwenye chaji, nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji kwa jirani.