Vanishi ya Asali

Jumatano, 11 Juni
Nimeipata njia! Jumapili Mama mkwe anatimiza miaka sabini, na mbele ya ukoo mzima atatangaza nani anapewa kile chumba chake cha mbele kinachotazama barabara. Nakitaka mimi. Fundi samani wa hadhi yangu, nafanya kazi chini ya mabati yanayovuja! Makabati yanavimba kabla hayajapata mnunuzi. Anakitaka pia mwanyumba wangu, mume wa mdogo wa mke wangu. Fundi viatu, mtu wa kuchekacheka na kila mtu. Mnafiki.
Mama mkwe anapenda paja la nguruwe la kuokwa kwa asali. Basi nitalipika mwenyewe. Mke wangu kauliza mara ya mwisho nilipika lini.

Alhamisi, 12 Juni
Nimenunua paja. Bonge la paja, limetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Muuza nyama akasema niliroweke usiku kucha na kubadilisha maji, la sivyo halitalika. Mwanyumba alikuwa pale pale buchani, akatikisa kichwa eti ndivyo. Ahaa! Kumbe wamepanga! Mimi mtu wa mbao, najua kitu kikilowa kinakuwaje. Kinavimba, kinapinda, hakishiki rangi. Wakaroweke vya kwao.
Nyumbani, mke wangu naye kaunga mkono maji. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 13 Juni
Nimechanganya asali, sukari na maji ya machungwa. Mke wangu anasema asali hupakwa mwishoni, nyama ikikaribia kuiva. Masikini. Kabati gani limewahi kung'aa kwa mkono mmoja wa vanishi? Unapaka, unakausha, unapiga msasa kidogo, unapaka tena. Nimenunua msasa mpya kabisa. Mimi si mchafu.

Jumamosi, 14 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.
Mkono wa kwanza wa asali ulikwenda vizuri. Wa pili ukatoa moshi. Niliongeza moto ili ukauke upesi. Wa nne, jirani akaja na ndoo ya maji. Paja limekuwa jeusi tii, gumu, msasa hauling'ati. Nikachukua patasi na nyundo. Ndani, nikaonja. Chumvi! Machozi yalinitoka, na si ya moshi peke yake. Nimeona aibu. Chumba kinaniponyoka hivi hivi naona.
Mke wangu akabandua lile gamba, akachemsha nyama, akamwaga maji, akachemsha tena, kisha akaiunga na viazi na kabichi. Nikamwonya kwamba anaharibu umbo.

Jumapili, 15 Juni
Wamekula mpaka sufuria ikalia. Mwanyumba kaomba sahani ya tatu, hana haya. Mama mkwe akauliza nani kapika. Nikasimama. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye uchaguzi wa asali, akaniambia nikae.
"Chumba nampa mkeo, mapishi ya binti yangu nayajua. Auze chakula," akasema. "Nawe baba, ukitaka kona kule nyuma, mwombe yeye."
Mwanyumba akapiga makofi. Mke wangu kanipa kona, kwa sharti nisiguse jiko. Nimeshukuru kwa sauti ndogo.

Jumatatu, 16 Juni
Nimelala na kutafakari. Ningeliroweka lile paja, nani angelichemsha? Hakuna. Mke wangu asingesifiwa, na chumba angekichukua fundi viatu. Kwa hiyo nani kakipata? Mimi! Na asante sijapewa na mtu.
Jumamosi anafungua biashara, kwa maharage. Hajui kwamba sahani za kwanza ndizo zinazojenga jina. Asubuhi hiyo atatoka kununua mkate, na maharage yatabaki jikoni peke yake. Sitapika. Sharti ni sharti. Nitayarekebisha kidogo tu.