Marahaba Niliyoitika Igogo

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimepata mpango. Mpango mkubwa. Watu wakisema Nkwabi ana akili wanakuwa hawajasema hata nusu. (Bado hakuna aliyesema. Watasema.)

Mambo yako hivi. Igogo, kule chini karibu na ziwa, kuna klabu ndogo ya jazz. Zamani lilikuwa ghala la barafu la wavuvi, na mpaka leo kuta zake zinatoa ubaridi hata saa saba mchana. Viti havifiki ishirini. Kila Jumamosi jioni wazee wanapiga humo nyimbo za enzi za bibi yangu, na mlangoni anakata tiketi Selina. Selina! Anasoma ualimu Butimba. Ana sauti ya... Hapana, nisiendelee, nitachana karatasi.

Tatizo linaitwa Zadok. Ana duka la simu. Viatu vinang'aa, manukato yanafika kabla yake. Ametangaza stendi nzima kwamba Jumamosi atamwomba Selina wawe wachumba. Mimi sina duka. Mimi ni mpiga debe stendi ya Buzuruga, shule niliachana nayo kidato cha pili, hesabu zilipoanza kuwa na herufi. Lakini sauti ninayo, sura ninayo, na sasa nina mpango.

Nitaingia mapema kwa mlango wa nyuma, pamoja na makreti ya soda. Nitakaa kiti cha mbele kabisa kama mgeni rasmi. Selina ataniona mimi kwanza. Zadok atatazama kisogo changu mpaka muziki uishe. Kwisha habari yake!

Nimeazima koti la mjomba. Kubwa kidogo. Linanipa uzito.

Jumapili, 9 Juni

Mpango umefanikiwa kupita nilivyopanga. Ndiyo maana sijalala.

Nilibeba kreti moja, nikaliweka chini, nikaingia. Giza. Taa moja ya bluu juu ya jukwaa, na jukwaa lenyewe mbao tatu. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kizuri kuliko vyote, kina mikono na mto. Juu ya mto wameweka tarumbeta. Nikalihamishia sakafuni, nikaketi.

Kiti kilikuwa na joto. Humo ndani kila kitu ni baridi kama samaki, ila hicho kilikuwa na joto, kama mtu amenyanyuka sasa hivi. Nikamshukuru kwa kunipashia.

Wapigaji wakaingia. Wa kwanza Mzee Malimi wa gitaa, kichwa cheupe chote. Akaja mpaka mbele yangu, akainama bila kunitazama usoni.

"Shikamoo mzee."

Mimi nina miaka ishirini na miwili. Ungefanyaje? Mtu mzima kaamua mwenyewe. Nikakunja nne.

"Marahaba," nikasema.

Malimi akabaki ameinama vilevile. Nyuma yake mpiga dramu akaangusha vijiti. Mzee Odoyo wa saksafoni, ambaye ndiye mkubwa wao, alikuwa anajaribu chombo chake. Sauti ikakatika katikati. Nilisubiri kufukuzwa. Hawakunifukuza. Wakatazamana, wakapanda jukwaani, wakapiga. Nakwambia, walipiga kama wanafunzi waliomwona mkaguzi dirishani.

Na wageni nao! Kila aliyeingia alipita mbele ya kiti kwanza, akainama, shikamoo, ndipo akaenda kukaa. Nikaitika zote. Nilidhani ndiyo huduma ya kiti cha mbele.

Selina naye akaja. Akapiga goti. Shikamoo babu. Nikaitika kabla sijafikiri. Hapo palichoma kidogo.

Zadok peke yake hakuinama. Alinitazama vizuri, akanijua. Selina akamnong'oneza kitu, akakataa kwa kichwa. Akakaa nyuma, hakuomba uchumba wala maji ya kunywa. Ushindi!

Jambo moja tu. Njiani kurudi nilipiga mluzi wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho. Hawakuwa wameupiga. Siujui wimbo huo.

Jumatatu, 10 Juni

Sifa zangu zimefika Buzuruga kabla yangu. Bibi mmoja mwenye gunia la michembe, vile viazi vilivyokaushwa, aliniona tu, akatua mzigo, akaniamkia. Bibi! Nikaitika, angalau nisimvunje moyo. Baada yake kondakta. Baada ya kondakta foleni nzima ya basi la Musoma. Nikapishwa benchi. Nikaletewa chai na maandazi, na aliyeleta alikataa hata kusikia habari ya malipo.

Nilipotaka kupiga debe wenzangu wakanizuia. Wakasema mzee usijichoshe, hii kazi ya vijana. Hao ni watu niliokuwa nacheza nao kamari juzi. Nikasema sawa, nimepandishwa cheo.

Zadok akapita na pikipiki. Akasimama makusudi.

"We Nkwabi, hilo koti umemvua nani?"

Ajabu, nilifurahi. Sikuelewa kwa nini. Kutwa nzima ndiye peke yake aliyetaja jina langu.

Jumatano, 12 Juni

Kinyozi ameniudhi. Nimemwambia anichonge kiduku. Akanizunguka, kisha akauliza kwa adabu kama mvi tuziache au tuzipake piko. Nikatazama kioo. Mimi yuleyule. Mzuri, mweusi wa kung'aa, nywele kama kaa la mkaa. Nikamwambia akapime macho. Akasema samahani mzee. Hakuchukua hela. Basi nikamsamehe.

Nyumbani mama amechinja kuku. Kwenye sahani yangu nikakuta filigisi. Filigisi nzima! Tangu baba afariki haijawahi kunikaribia, anakula mjomba akija, asipokuja inasubiri. Nikaimeza kabla hajabadili mawazo. Mama hakula nami. Alisimama mlangoni amefunga kanga vizuri, akauliza kama nimeshiba, kama chumba kinanifaa.

Chumba kinanifaa? Nimezaliwa humo!

Alfajiri ya leo alibisha mlangoni, akaniamkia. Mama yangu mzazi. Nikaitika. Nilikuwa usingizini, siwezi kulaumiwa kwa mambo ya usingizini.

Magoti yanauma. Itakuwa baridi ya ule ukumbi.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango mpya, mkali kuliko wa kwanza. Kama mimi ni mzee, basi nina amri. Kama nina amri, namwamuru Selina amwache Zadok. Nashangaa kwa nini sikuwaza hili tangu Jumapili.

Nikaenda Butimba. Akaja na madaftari yake, akapiga goti kwenye vumbi. Nikamwambia asimame, mimi ni Nkwabi. Akatabasamu vile watu wanavyotabasamu wazee wanapopotea kidogo. Akanishika mkono kunivusha barabara. Ndoto yangu ya mwaka mzima, kushikwa mkono na Selina, nikaipata kwa ajili ya kuvushwa barabara.

Akanisimulia, kama vile ananikumbusha. Babu yake, Mzee Luhaga, ndiye aliyeanzisha klabu. Alikuwa mpiga tarumbeta. Jioni moja, katikati ya wimbo, aliweka tarumbeta kitini, akasema anatoka kupunga upepo. Hakurudi. Ziwa halikumleta, nchi kavu haikumleta. Hakuna kaburi, hakuna matanga, hakuna aliyerithi. Kwa hiyo kila anayeingia anakiamkia kiti, maana huwezi kumpita mzee kimya wakati hujui kama hayupo. Wamekiamkia tangu mama yake yuko mgongoni. Hakijawahi kuitika.

"Mpaka Jumamosi," akasema. Machozi yalimlengalenga. "Ulikuwa wapi babu?"

Ngozi ilinisisimka mpaka kwenye nyayo. Lakini kazi ni kazi. Nikamwambia habari za kule baadaye, kwanza tuzungumze kuhusu Zadok. Simtaki. Akauliza sababu. Nikasema viatu vyake vinang'aa mno.

Akasema Zadok hakutaka kuinamia kiti, anaona ni ushamba, lakini amemlainisha na Jumamosi ataniamkia. Nikimwitikia, nimempokea, wataoana. Nikinyamaza, nimemkataa, naye atamwacha siku hiyohiyo.

Yaani mimi ninyamaze tu! Mpango ulio rahisi namna hii sijawahi kuuona.

Ijumaa, 14 Juni

Mzee Odoyo kaja nyumbani. Kamkuta mama anafagia, kamwambia anamtafuta kijana wake Nkwabi. Mama akasema hata yeye hajamwona siku mbili hizi, labda yule mzee mgeni chumbani anajua. Nilisikia yote dirishani. Nikajifanya sikusikia.

Odoyo hakuniamkia. Alikaa kitandani kwangu, akaniita kijana, akanipa kibano cha sikio. Kiliuma vizuri sana.

"Luhaga alikuwa rafiki yangu, na wewe si Luhaga," akasema. "Umeitika salamu ya mtu. Sasa inakuvaa. Kesho kaa pale, waje wote, wakuamkie, wewe funga mdomo. Hata mmoja usimwitikie. Kiti kikirudi kuwa kimya, nawe utarudi nyumbani."

Nikauliza nikiitika je. Akatazama mikono yangu muda mrefu. Akasema basi hata yeye itabidi aanze kuniamkia, na ameapa hatamwamkia mtoto wa juzi, kwa hiyo nisimtie aibu.

Nimepiga hesabu, ile isiyo na herufi. Nikinyamaza napata magoti yangu. Nikinyamaza Zadok anatupwa nje. Nikinyamaza Selina yuko huru, nami ni kijana tena. Kote ni kunyamaza! Hata jiwe linaweza.

Nimefanya mazoezi. Mama ameniamkia jioni, nimeuma shuka. Kumbe inawezekana.

Jumapili, 16 Juni

Nilifika mapema. Kiti kilikuwa na joto tena. Safari hii lilikuwa joto la mwili wangu kabisa, mpaka umbo la makalio lilikuwa langu.

Malimi akaja, shikamoo mzee. Kimya. Mpiga dramu. Kimya. Hellen anayeuza soda, kimya. Watu wakaanza kunong'ona, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo maumivu ya magoti yalivyopungua, nikahisi nywele zinanichoma kama zinaota upya. Odoyo alikuwa ananitazama juu ya saksafoni, jasho linamtoka ndani ya ghala la barafu. Selina alipopiga goti niliuma ulimi. Damu ilikuja. Akanitazama ghafla, akakunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Akasema polepole, "Wewe si yule wa Buzuruga?"

Alinijua! Bado mmoja tu.

Zadok.

Alikuja na suti. Viatu vinang'aa mpaka taa ya bluu ilionekana ndani yake. Alijua ni mimi, niliona machoni mwake. Alijua fika kwamba anayeketi pale ni Nkwabi mpiga debe mwenye koti la kuazima. Lakini Selina alikuwa nyuma yake anamsubiri, na ukumbi mzima umegeuka. Akainama. Akainama mpaka manukato yake yakanifikia puani, mpaka nikaona utosi wake. Zadok! Mwenye duka! Utosini ana upara unaoanza!

"Shikamoo mzee," akasema.

Nilikusudia kunyamaza. Mungu ananiona, nilikusudia. Lakini jamani, mbele ya watu wote?

"Marahaba, kijana," nikasema. Nikaongeza, "Sikusikia vizuri. Rudia."

Akarudia. Nikaitika tena.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Selina akamkumbatia Zadok, kisha akaja akabusu mkono wangu, akasema asante babu, na uso wake ulikuwa hauna swali lolote tena. Odoyo akaiweka saksafoni chini. Akashuka jukwaani kidogokidogo, akishika ukuta. Akasimama mbele yangu, akavua kofia.

Aliniamkia. Hakunitazama usoni.

Mtu atasema nimeshindwa. Hajui mpira. Zadok ameinama mara mbili! Nani mwingine Mwanza nzima aliyemfanyia hivyo? Na harusini nitakaa meza kuu.

Kisha mtu akaokota tarumbeta sakafuni akanipa. Nikapiga ule wimbo wa mluzi. Wote waliujua.

Jumatatu, 17 Juni

Nimehamia chumba cha nyuma ya klabu. Nimekuta godoro limetandikwa, kandambili za saizi yangu chini ya kitanda, na kikombe chenye chai ya moto. Sijui nani anapika.

Asubuhi mama kaja. Alibisha hodi, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliye ofisini. Macho mekundu. Akasema ameambiwa mimi naheshimika, vijana wa stendi wananisikiliza. Mwanawe Nkwabi haonekani. Si mtoto mbaya, ni mdomo tu. Kama nikimwona nimwambie arudi, hajamkasirikia kwa lolote.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi mama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akasema yeyote atakayempata Nkwabi, yeye atamchinjia jogoo.

Nikafunga mdomo. Jogoo yule namjua. Mwekundu, kifua kama cha askari, nimemtamani tangu Pasaka. Ningejitaja leo ningepewa ugali na dagaa kama siku zote, na kuulizwa nilikuwa wapi. Nikamwambia asihangaike, kazi hiyo aniachie mimi. Akapiga goti, akashukuru, akaenda zake akijifuta kwa kanga.

Mpango ni huu. Nisijipate haraka, ataona ilikuwa rahisi. Kesho naenda Buzuruga kuuliza kama kuna aliyemwona Nkwabi. Keshokutwa natafuta Butimba. Ijumaa najipata, Jumamosi tunakula jogoo.